Mnara, meza au ngumi: uanze na kengele ipi?

Watu watatu wanaweza kujiita wapiga kengele na wasifanane kwa lolote. Wa kwanza ameshika kamba, na juu ya dari, moja kwa moja juu ya kichwa chake, inazunguka kengele yenye uzito wa nusu tani. Wa pili amevaa glavu, amesimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa sponji na kitambaa, ana kengele moja katika kila mkono. Wa tatu yuko peke yake kileleni, anagonga safu ya vijiti vya mbao kwa ngumi na kukanyaga pedali kwa miguu. Ukienda kwa mmoja ukitarajia alichonacho mwingine, utaacha baada ya wiki tatu ukidhani kengele hazikukusudiwa wewe.

Njia zote tatu hupokea wanaoanza, ila hazimfai mtu wa aina moja. Wengi huchagua kwa sikio: zipi zinalia vizuri zaidi? Kwa maoni yangu sikio ni mshauri mbaya hapa. Afadhali ujiulize unataka kusimama wapi kati ya watu wengine. Mnarani unategemea wenzako kwa mdundo, mezani wenzako wanakutegemea kwa nota, na kwenye kinanda cha ngumi humtegemei mtu wala hutegemewi.

Kamba na gurudumu

Nitakaa zaidi hapa, kwa sababu ndiyo njia inayoeleweka vibaya kuliko zote, na pia ndiyo inayotafuta watu wapya kwa bidii zaidi.

Ukisikia kengele za kanisa la kijiji Uingereza siku ya Jumapili asubuhi, husikii wimbo. Zinaanza kwa kushuka ngazi, kutoka sauti nyembamba hadi nene, mara kadhaa. Halafu mpangilio unaanza kuvurugika. Mgeni hudhani kuna aliyekosea. Hakuna aliyekosea, wanabadilishana nafasi kwa makusudi, kengele moja na jirani yake, hadi ngazi ile irudi ilivyokuwa mwanzo.

Kwa nini wasipige wimbo tu? Jibu liko kwenye gurudumu. Kila kengele imefungwa kwenye gurudumu zima, na kabla ya kazi kuanza huzungushwa polepole hadi mdomo wake utazame juu. Mpigaji akivuta kamba, kengele huanguka, huzunguka karibu mzunguko mzima, ulimi hugonga mara moja, kisha inapanda tena na kutulia mdomo juu, upande wa pili. Akivuta tena, inarudi ilikotoka. Kitu chenye uzito wa kilo mia kadhaa kikishaanza kuzunguka hakisikii amri. Unaweza kukichelewesha kidogo kinapokaribia kusimama pale juu, au kukiwahisha kidogo, basi. Huwezi kukipiga mara tatu za haraka kama wimbo unavyodai. Unachoweza ni kumpisha jirani: uliyekuwa wa tatu uwe wa nne, aliyekuwa wa nne awe wa tatu.

Katika karne ya 17 Waingereza walikigeuza kizuizi hicho kuwa mchezo wa hesabu. Kengele tano zinaweza kupangwa kwa njia 120 tofauti. Sita, 720. Saba, 5,040, na kuzimaliza zote bila kurudia mpangilio hata mmoja huchukua kama saa tatu. Kengele nane zina mipangilio 40,320. Mwaka 1963 huko Loughborough watu wanane waliimaliza yote bila kupokezana, wakasimama karibu saa 18. Kengele kumi na mbili zingehitaji zaidi ya miaka 30 ya kupiga mfululizo, kwa hiyo tuziache. Fabian Stedman, mchapishaji wa vitabu, aliandika juu ya sanaa hii mwaka 1677, na ruwaza moja (yaani mpango wa kubadilishana nafasi) yenye jina lake bado inapigwa kila wiki.

Usiogope hesabu hizo. Anayeanza hakutani nazo kwa miezi. Anakutana na kamba.

Kamba ina sehemu mbili za kushika. Moja ni ncha yake ya chini, ambayo mkono wa kushoto kwa kawaida hauiachii. Nyingine ni sehemu nene ya sufu yenye rangi za mistari. Waingereza huiita sally, jina ambalo kwa sikio letu linasikika kama amri ya kusali, na wiki za kwanza kweli utasali. Unaivuta sufu, unaiachia, inapaa kuelekea darini, unabaki na ncha tu huku mikono imenyooka juu. Unavuta ncha, sufu inashuka, unaidaka. Kuachia kwa wakati ndilo somo la kwanza na gumu kuliko yote, maana akili ya binadamu humwambia ashikilie. Mwalimu husimama mbele yako na kufanya nusu moja ya kazi huku wewe ukifanya nusu nyingine, halafu mnabadilishana, halafu siku moja anarudi nyuma hatua moja bila kukuambia.

Saa 10 hadi 15 za kufundishwa hivyo, mtu mmoja na mwalimu mmoja, ni kawaida kabla ya kuitawala kengele peke yako. Minara mingi sasa hufunga ulimi wa kengele usigonge, ikaweka kihisio kwenye gurudumu, na sauti ikatoka kwenye kompyuta chumbani. Hivyo kijiji kizima hakiwi shahidi wa makosa yako. Mnara wenye kifaa hicho ni mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuliko mnara wenye kengele nzuri zaidi.

Nguvu? Hapana. Kengele iliyosimama mdomo juu imesimama kwenye mizani. Kidole kinaweza kuiangusha. Kinachohitajika ni mkono unaohisi uzito ulipo. Mtoto wa miaka kumi na moja huweza kujifunza akiwa na boksi la kusimamia, na mtu mwenye misuli ya kubeba magunia mara nyingi huwa mwanafunzi mgumu, kwa sababu anaamini anaweza kuilazimisha. Wanawake waliambiwa kwa muda mrefu kwamba kazi hii haiwafai, hadi Alice White alipokuwa mwanamke wa kwanza kumaliza mpigo kamili wa saa kadhaa mnarani, mwaka 1896.

Hatari zipo na ni bora zisemwe. Kengele iliyoachwa mdomo juu ni kama mtego uliotegwa. Anayevuta kamba asiyoijua anaweza kunyanyuliwa kutoka sakafuni au kuunguzwa viganja. Juu kule kipo kipande cha mbao kinachozuia kengele isipitilize; ukiisukuma kwa nguvu mno kinavunjika, makusudi kabisa, kama fyuzi ya umeme. Hilo likitokea utaambiwa jambo moja tu: achia kamba. Kwa hiyo hakuna anayefanya mazoezi peke yake mnarani hadi awe mzoefu, na watoto hufundishwa kwa idhini ya mzazi.

Sasa, watu. Mnara wa kawaida una zoezi moja jioni ya katikati ya wiki na mpigo wa nusu saa kabla ya ibada ya Jumapili. Kufundishwa kwa kawaida ni bure; mchango wa mwaka kwa chama cha wapigaji wa eneo, ukiwepo, ni mdogo. Na kinyume na matarajio ya wengi, hutaulizwa dhehebu. Kengele ni za kanisa, mara nyingi la Anglikana, lakini wapigaji huwa mchanganyiko wa waumini, wasioamini na walio katikati; wapo wanaowaita wenzao ibadani kwa mpigo safi kabisa kisha wao wakashuka ngazi na kwenda zao nyumbani. Baada ya zoezi la jioni, wengi huelekea baa iliyo jirani. Asiyekunywa haonekani kituko, lakini asiyekwenda kabisa hukosa nusu ya masomo, kwa kuwa ruwaza nyingi huelezwa pale, kwa kalamu, nyuma ya karatasi yoyote iliyo karibu.

Kitu kingine ambacho njia nyingine hazina: ukijua mnara mmoja, unajua yote. Uingereza ina minara zaidi ya 5,000 yenye kengele za aina hii, na lugha ya kupigia ni ileile. Afrika ipo michache, ikiwemo ya kanisa kuu la Anglikana la Harare. Orodha iitwayo Dove's Guide, iliyotoka kwanza mwaka 1950 na sasa iko mtandaoni, huonyesha kila mnara, idadi ya kengele na uzito wake. Mgeni akiingia kwenye zoezi na kusema anatoka mnara fulani, swali linalofuata ni moja: unaweza kupiga nini?

Meza na glavu

Kengele za mkono zilizaliwa na zile za mnara. Wapigaji walitaka kujifunza ruwaza mahali penye moto wa kuota, badala ya chumba cha mawe chenye baridi, na ndugu wawili wa ukoo wa Cor huko Aldbourne, Wiltshire, walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuzitengeneza. Baadaye zikajitegemea, zikaanza kupiga nyimbo. Mmarekani P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho, aliwapeleka wapigaji wa Lancashire nchini mwake miaka ya 1840 na kuwatangaza kuwa ni Waswisi, kwa sababu alizozijua mwenyewe kuhusu tiketi. Leo makao makuu ya kengele za mkono, ukihesabu vikundi na watengenezaji, ni Marekani. Chama cha taifa kiliundwa huko mwaka 1954.

Hapa unapiga nota. Seti ya oktava mbili ina kengele 25, ya tatu 37, ya tano 61, nazo hugawanywa kwa wapigaji, kila mmoja mbili au zaidi. Wewe ni, tuseme, sol na la, na mabadiliko yake. Wimbo ukifika kwako unapiga. Ukipita unazima sauti kwa kuigusisha kengele begani. Ukizoea kinanda, hebu fikiria kila kidole ni mtu tofauti.

Mwanzo ni mtamu mno ukilinganisha na mnarani. Jioni ya kwanza mtu asiyejua chochote hupiga wimbo rahisi pamoja na wenzake na kutoka anatabasamu. Hakuna hatari ila kuangusha kengele, jambo ambalo litakufanya usisahau bei yake. Hakuna jirani atakayelalamika. Anayetumia kiti cha magurudumu hapigani na ngazi nyembamba za kuzunguka.

Ugumu huja baadaye, na una sura mbili. Ya kwanza ni kusoma nota za mistari. Walioimba kwaya kwa do-re-mi huwa na sikio tayari lakini macho bado. Huchukua miezi michache, na viongozi wengi huanza kwa kupaka rangi nota zako kwenye karatasi. Ya pili ni nzito zaidi: usipokuja, wimbo una mashimo. Mnarani watu saba wakija badala ya wanane, wanapiga saba, au sita, na hakuna aliyeharibu jioni. Mezani, asiyefika amekwenda na sol zote. Ndiyo maana vikundi hivi hudai mahudhurio kwa ukali kuliko wanavyoonekana, hasa wiki za kabla ya Krismasi. Kama kazi yako ni ya zamu zinazobadilika, fikiri mara mbili, au omba uwe mchezaji wa akiba.

Glavu, kwa wanaouliza, si za mapambo. Mafuta ya vidole hufifisha shaba. Seti ni ghali na hununuliwa na kanisa, shule au kikundi, si na mtu. Pasipo fedha hutumika mirija ya alumini yenye kipigio kidogo, sauti laini na mbinu karibu zilezile; usiidharau, ndiyo mlango wa wengi.

Ngumi

Kariloni ni chombo cha angalau kengele 23 zilizotulia tuli, zisizozunguka. Ndimi zake zimefungwa kwa nyaya zinazoshuka hadi kwenye kinanda cha vijiti, na mchezaji hupiga kwa ngumi zilizolegea kidogo na kwa miguu. Kwa sababu kengele haizunguki, unaweza kupiga haraka, polepole, kwa nguvu au kwa mnong'ono. Ni muziki kamili. Nyumbani kwake ni Ubelgiji na Uholanzi. Ndugu wa ukoo wa Hemony walifanikiwa kuzipatanisha sauti vizuri katika karne ya 17, na shule ya kariloni ya Mechelen, Ubelgiji, ilianzishwa na Jef Denyn mwaka 1922. Marekani zipo kwenye vyuo vikuu, na ile ya Riverside Church, New York, ina kengele 74. Uingereza ni chache, Bournville na Loughborough zikiwa mbili zinazojulikana.

Kama burudani ya jamii, hapa ndipo ninaposita. Mazoezi hufanyika kwenye kinanda cha kujifunzia chenye vipande vya chuma badala ya kengele, na ukishafuzu, unapanda peke yako na mji mzima unakusikia. Anayetaka marafiki wapya hatawapata huko juu. Anayepiga piano au ogani tayari, na anapenda upweke, huenda akaona hakuna kitu kizuri zaidi duniani. Asiyejua muziki atahitaji uvumilivu mrefu. Kisha kuna suala la umbali: kama hakuna mnara wa kariloni unapoishi, mjadala umekwisha.

Ipo pia njia ya nne, ambayo wapigaji wa kamba huitaja kwa midomo iliyobinywa. Mwaka 1821 Henry Ellacombe, kasisi wa Bitton, Gloucestershire, alifunga nyundo zinazogonga kengele zilizotulia, kamba zake zote zikashuka kwenye fremu moja ukutani, mtu mmoja akaweza kuzipiga zote. Inasemwa alichoshwa na ulevi na ubishi wa wapigaji wake. Fremu hizo bado zipo katika minara mingi. Ikiwa kanisa la jirani lina fremu tu na halina wapigaji, mtu anaweza kukuonyesha kwa dakika ishirini, ukapiga wimbo mfupi Jumapili hiyohiyo. Haina kina, lakini kwa mtu mmoja mwenye nafasi kidogo inatosha.

Nani aende wapi

Kwa anayehamia mji mpya na hamjui mtu, ningemshauri mnara bila kusita, hata kama hajui nota moja. Nasema hivyo nikijua kuwa miezi miwili ya kwanza ni migumu kuliko mezani. Lakini ugumu huo ndio unaomfungamanisha mtu na wenzake: mmesimama duara, kila mmoja anatazama kamba za wengine, na mpigo mbovu wa mmoja husikika na wote, kisha wote hucheka. Anayependa mafumbo, ruwaza, ufumaji au kuandika programu za kompyuta mara nyingi hunasa haraka zaidi kuliko mwanamuziki. Mwanamuziki hukasirishwa na kukosekana kwa wimbo.

Mwenye maumivu ya bega yasiyopona, au anayehofia mahali pa juu na ngazi za giza, aende mezani. Vilevile familia inayotaka kufanya jambo pamoja, mzazi na mtoto mdogo: mnarani mtoto wa miaka saba atakaa benchi tu. Na yeyote anayehitaji kuona tunda haraka, tamasha la Krismasi likiwa la kwanza na si ndoto ya mwaka kesho.

Wajibu nao upimwe. Mpiga kengele wa mnara huitwa kwenye furaha na msiba wa watu asiowajua. Harusi hulipwa kidogo. Mazishi na siku ya kumbukumbu ya vita hupigwa kwa kufunga ngozi upande mmoja wa ulimi, ili pigo moja lilie wazi na linalofuata liitike kwa mbali kama mwangwi. Juni 1940 serikali ya Uingereza ilizinyamazisha kengele za makanisa nchi nzima, zibaki kwa ajili ya kutangaza uvamizi tu, na zikalia tena Novemba 1942 kwa ushindi wa vita vya El Alamein, Misri. Mwaka 2018 minara ilitafuta wanafunzi 1,400, idadi ya wapigaji waliouawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na lengo likavukwa. Kikundi cha mezani kina tamasha zake, na ni nzuri, lakini hakuna anayekisubiri ili ajue taifa limepatwa na nini. Kuna watu ambao uzito huo huwavuta na kuna ambao huwakimbiza. Wote wana haki.

Kabla ya kuamua, tembelea. Mezani uliza mara ngapi mtu anaruhusiwa kukosa zoezi, na kama utagawiwa kengele zilezile kila wiki. Mnarani uliza nani atakufundisha na kama ni yuleyule kila mara, wanafunzi wengine wapya wapo wangapi, na kama zipo saa za mazoezi ya ulimi uliofungwa. Mnara usio na mwanafunzi mwingine hata mmoja si mbaya, ila jiandae kuwa wa mwisho kwa muda mrefu. Ukishafika juu, keti kwenye benchi la wageni, nyayo zote mbili ziguse sakafu, usikunje nne, maana kamba iliyomtoroka mtu hutafuta mguu wa kunasa. Na usiguse kamba yoyote, hata ile inayoning'inia kwa upole kona ya pili, mpaka mtu akukabidhi.